Njia ya Miguu ni Mali ya Wapitao



Mara nyingi katika kurasa hizi tumezungumza habari za mishahara, saa za kazi, uzito wa kapu la majani na nyumba za kulala. Hayo ndiyo mambo ya chama, na hatutayaacha. Lakini leo twataka kuzungumza habari ya jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa jambo. Twataka kuzungumza habari ya njia ya miguu.

Msicheke. Sisi pia tulicheka, na baadaye tuliona haya. Ndiyo sababu twaandika.

NJIA ILIYOFUNGWA

Tawi letu liko katika mashamba ya chai, magharibi mwa Uganda. Kutoka laini za wafanyakazi kwenda shule na dispensari ilikuwapo njia ya miguu. Ilipita katikati ya chai, ikashuka mpaka kijitoni, ikapanda tena upande wa pili. Hakuna aliyejua nani aliianza. Wazee waliokuja kutafuta kazi wakiwa vijana waliikuta. Kwa njia hiyo mtoto alifika shule kwa mwendo wa nusu saa. Kwa njia hiyo mama mjamzito alikwenda kupimwa. Jumapili vijana waliikimbia mbio kwenda uwanja wa mpira, na wazee waliitembea polepole kwenda kujuliana hali.

Akaja meneja mpya. Wakati huo majani mabichi yalikuwa yakiibwa usiku, na mbolea pia. Meneja hakumtafuta mwizi, aliifunga njia. Zikasimamishwa nguzo, ukavutwa waya wa seng'enge, akawekwa askari mwenye rungu. Ubao ukaandikwa kwamba hakuna ruhusa kupita. Tangu siku ile watu wote walizunguka kwa barabara kuu, mwendo wa saa nzima na robo, wakibanana na malori ya majani, matrekta na boda-boda. Barabara ile haina nafasi ya mtu wa miguu. Lori likija, mtu huingia mtaroni.

Mama mmoja mchumaji alikuja katika mkutano wa tawi. Siku hiyo tulikuwa na shauri la bei ya kilo. Mama akasimama, akasema, "Mzee mwenyekiti, mniwie radhi. Ninyi mnazungumza shilingi. Mimi naomba njia."

Watu wakacheka, na sisi halmashauri tukacheka pamoja nao. Mwenyekiti akamjibu, "Mama, hilo ni jambo la baraza la kijiji, si la chama. Keti." Akaketi.

Miezi miwili baadaye mtoto wake aligongwa na trela la majani akitoka shule. Twashukuru hakufa. Lakini mguu ulivunjika mahali pawili, na mpaka leo anachechemea. Tulikwenda hospitali kumtazama, sisi watu wa halmashauri, tumevaa mashati safi. Yule mama hakutulaumu. Alitutafutia mahali pa kuketi, akatushukuru kwa kuja, kisha akauliza tu, "Mmekuja kwa njia gani?"

Hatukuwa na jibu.

TULIVYOANZA KUULIZA

Tangu siku ile tulianza kuuliza: je, pana wafanyakazi mahali pengine duniani waliowahi kugombania njia? Katika semina moja ya vyama tulikutana na ndugu mmoja kutoka Uingereza, fundi wa mitambo aliyestaafu. Tulipomsimulia habari yetu hakucheka. Alisema kwao watu waliingia gerezani kwa jambo hilo hilo. Tukamwomba atueleze, na baadaye tukatafuta habari zaidi sisi wenyewe. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Derbyshire ni jimbo la vijiji na vilima katikati ya Uingereza. Kondoo ni wengi, miji ni midogo. Lakini upande mmoja wa milima yake uko mji mkubwa wa Manchester, na upande wa pili uko Sheffield. Manchester ulikuwa mji wa pamba, na Sheffield mji wa chuma. Humo humo Derbyshire, katika kijiji cha Cromford, Richard Arkwright alianza mwaka 1771 kujenga kiwanda cha kusokota pamba kwa nguvu za maji. Kiwanda hicho kilikuwa kielelezo cha vingine vingi vilivyofuata. Watoto wadogo walifanya kazi humo. Na sisi tusijione wageni katika habari hii, kwa maana wakati wa ukoloni pamba ya Uganda nayo ilipakiwa melini kwenda kulisha viwanda vya Uingereza. Babu zetu walilima, babu zao walisokota, na faida ilikwenda kwa wengine.

Mfanyakazi wa kiwanda cha nguo alishinda ndani ya kelele na vumbi la pamba. Siku ya kupumzika aliinua macho akaiona milima kwa mbali. Mlima mrefu kupita yote katika jimbo hilo huitwa Kinder Scout, mita 636. Kwetu sisi tunaoiona Rwenzori hicho ni kilima tu. Lakini kwa mtu wa Manchester aliyevuta moshi wa viwanda juma zima, huko juu ndiko kulikokuwa na pumzi.

Shida ilikuwa moja: milima ilikuwa imefungwa.

NANI ALIIFUNGA?

Zamani sehemu kubwa ya milima hiyo ilikuwa ardhi ya pamoja, ambako wanakijiji walilisha mifugo na kukata kuni. Katika karne ya 18 na ya 19 Bunge, ambalo lilikuwa Bunge la wenye mali, lilipitisha sheria nyingi za kuigawa ardhi ya pamoja na kuizungushia ua. Milima ikawa ya makabaila. Wao waliitumia kwa kuwinda ndege wa porini wafananao na kwale. Msimu wa kuwinda huanza tarehe 12 Agosti. Kwa ajili ya starehe ya watu wachache katika siku chache za mwaka, maelfu walizuiwa mwaka mzima. Waliwekwa walinzi wenye marungu, na mbao za kukataza.

Wafanyakazi hawakunyamaza. Mwaka 1896, karibu na mji wa Bolton, tajiri mmoja aliyeitwa Ainsworth alifunga njia ya mlima wa Winter Hill. Huyu alikuwa mwenye kiwanda cha kung'arisha vitambaa. Jumapili moja ya mwezi wa Septemba maelfu ya watu wa mji walikusanyika, wakapanda mlima kwa njia ile ile iliyofungwa. Lakini kesi ilipofika mahakamani, tajiri alishinda.

Wengine walitumia njia ya upole. Mwaka 1894 kilianzishwa chama cha kulinda njia za miguu za Peak na sehemu za kaskazini. Watu wake walizunguka na daftari, wakaandika kila njia iliyofungwa, wakaandika barua, wakazungumza na wenye ardhi. Mwaka 1897 walipata njia moja kutoka kijiji cha Hayfield kuvuka mlima. Chama hicho kingali hai mpaka leo, na bado wanachama wake hujitolea kutembea njia na kuzikagua.

JUMAPILI YA TAREHE 24 APRILI 1932

Mwaka 1932 hali ya maisha ilikuwa mbaya sana Uingereza. Viwanda vingi vilikuwa vimefungwa, watu walikuwa hawana kazi. Mtu asiye na fedha hawezi kucheza michezo ya matajiri, lakini miguu anayo. Kila Jumapili vijana wengi wa Manchester walipanda treni kwenda kutembea milimani.

Lilikuwapo shirikisho la michezo la wafanyakazi wa Uingereza. Kikundi cha vijana wake walikuwa kambini, wakaenda kutembea, walinzi wakawafukuza. Usiku wakaulizana: je, tungekuwa mamia, wangetuzuia? Hilo ndilo swali la kila chama cha wafanyakazi tangu dunia iwe na vyama.

Wakatangaza siku. Polisi walikwenda kumngoja kijana mmoja kwenye stesheni ya treni ili wampe amri ya mahakama. Jina lake Benny Rothman, fundi wa motokaa, umri wake miaka 20. Yeye alikwenda kwa baiskeli. Watu wapatao 400 walikusanyika katika shimo la kuchimbia mawe karibu na Hayfield. Aliyetazamiwa kuhutubia aliogopa, basi Rothman alipanda juu ya mwamba akahutubia mwenyewe. Kisha wakapanda mlima. Walinzi wakatoka na fimbo, wakavutana, mlinzi mmoja akaumia. Watu wakapita. Huko juu wakakutana na wenzao waliotoka upande wa Sheffield, wakashangilia, wakarudi kama walivyokuja.

Waliporudi kijijini polisi walikuwa wakiwangoja. Sita walishtakiwa. Angalieni jambo hili: hawakushtakiwa kwa kuingia katika ardhi ya mtu, kwa sababu kuingia tu hakukuwa kosa la jinai. Walishtakiwa kwa fujo na kupiga. Kesi ilisikilizwa mjini Derby mwezi wa Julai, na wale waliokaa kuamua kama pana kesi walikuwa wengi wao maofisa wa jeshi na mabwana wenye mashamba. Watano walifungwa, kuanzia miezi miwili mpaka sita. Rothman alipata minne.

Tusifiche ukweli mwingine: vyama vikubwa vya watembeaji havikuwaunga mkono vijana hao. Viongozi wake walisema kelele zitaharibu mazungumzo. Pengine katika kiti kile nasi tungesema vivyo hivyo. Lakini vifungo vile viliwakasirisha hata watu waliokuwa hawajali. Mwaka huo huo watu wapatao 10,000 walikutana katika bonde la Winnats kudai milima ifunguliwe.

SHERIA ILIPOKUJA

Jambo la ajabu ni kwamba mwaka ule ule wa 1932, mwezi ule ule wa Julai, Bunge lilipitisha sheria ya haki za njia. Sheria hiyo ilisema kwamba ikiwa watu wameipita njia kwa miaka 20 bila kuzuiwa, njia hiyo yahesabiwa kuwa ya watu wote, mpaka mwenye ardhi aonyeshe kwamba hakukusudia hivyo. Lakini sharti ni kwamba wawe wameipita kama kwa haki, si kwa kupewa ruhusa. Shikeni neno hilo, ruhusa. Tutalirudia.

Mwaka 1935 gazeti la Daily Herald, ambalo chama kikuu cha vyama vya wafanyakazi kilikuwa na hisa ndani yake, lilichapisha makala ya Tom Stephenson. Huyu alianza kazi akiwa kijana katika kiwanda cha kupiga vitambaa chapa. Aliandika kwamba nchi yataka njia moja ndefu ya miguu kupitia milima yote ya kaskazini. Alipigania wazo hilo kwa miaka 30. Njia hiyo, iitwayo Pennine Way, ilifunguliwa rasmi mwaka 1965, tena tarehe 24 Aprili. Huanzia Edale katika Derbyshire, chini ya Kinder Scout, huishia Scotland, kilometa zipatazo 430.

Baada ya vita, serikali ya chama cha Labour ilipitisha sheria ya mwaka 1949 ya hifadhi za taifa na kufika mashambani. Sheria hiyo iliamuru kila halmashauri ya jimbo iandike njia zote za miguu na kuzichora katika ramani. Njia ikiingia katika ramani hiyo, ramani yenyewe ndiyo ushahidi. Leo Uingereza na Wales zina kilometa zipatazo 225,000 za njia za watu wote. Mwaka 1951 milima ya Derbyshire na majirani zake ikawa hifadhi ya kwanza ya taifa katika nchi ile, bila kuhamisha vijiji vilivyomo. Mwaka 2000 sheria nyingine iliruhusu watu kutembea kwa miguu katika milima na nyika zilizochorwa katika ramani, hata nje ya njia.

Benny Rothman aliiona sheria hiyo. Baada ya gereza alikuwa mtetezi wa wafanyakazi katika chama cha mafundi wa mitambo. Alifariki Januari 2002, umri miaka 90. Mwaka huo huo, katika sherehe ya miaka 70, mjukuu wa kabaila mmoja mwenye milima ile, naye akiwa na cheo kile kile cha Duke wa Devonshire, alisimama mbele ya watu akaomba radhi kwa ajili ya tendo la babu yake. Hesabuni wenyewe: radhi ilichukua miaka 70.

RELI ILIYOGEUKA NJIA

Si kila njia ya Derbyshire ilipatikana kwa ugomvi. Katika miaka ya 1960 reli nyingi ndogo za Uingereza zilifungwa. Reli ya Cromford na High Peak ilifungwa mwaka 1967. Halmashauri ya jimbo na watu wa hifadhi wakaona kwamba tuta la reli ni njia iliyokwisha tengenezwa: limenyoka, lina madaraja, na sehemu nyingi halina mwinuko mkali. Wakang'oa reli wakasawazisha. Baadaye wakafungua njia mbili, High Peak na Tissington, zote pamoja zapata kilometa 48. Mwaka 1981 wakafungua ya tatu, iitwayo Monsal, kilometa 14. Mwanzoni watu walizunguka mahandaki yake kwa sababu ya hatari, lakini mwaka 2011 yakatengenezwa na kufunguliwa. Leo katika njia hizo hupita watoto kwa baiskeli, wazee kwa mkongojo, na watu wa viti vya magurudumu.

Na kuna jambo moja lililotugusa sana. Juu ya milima udongo ni laini, na miguu ya watu wengi iliukanyaga mpaka ukawa tope. Basi walitafuta mawe bapa ya kutandika. Mengi yalitoka wapi? Yalitoka katika sakafu za viwanda vya pamba vilivyobomolewa. Yalibebwa kwa helikopta yakatandikwa katika Pennine Way. Mawe ambayo wafanyakazi walisimama juu yake saa kumi na zaidi kwa siku, leo watu hutembea juu yake kwa hiari yao, wakitazama mawingu.

JE, MCHUMA CHAI ANAHITAJI KUTEMBEA?

Hapo ndugu mmoja atasema: sisi twatembea kutwa tukiwa na kapu mgongoni, mnatuambia tukatembee tena? Swali ni la haki.

Mwaka 2018 madaktari walichapisha katika jarida la Lancet Global Health hesabu ya nchi 168, kutazama ni nchi gani ambazo watu wake hawautumii mwili vya kutosha. Uganda ilitokea kuwa na watu wachache kupita nchi zote: 5.5 kwa mia tu. Kuwait ilikuwa 67 kwa mia. Kwa hiyo tusidanganywe kwamba sisi ni wavivu. Twatembea kwa sababu maisha yetu ni ya miguu.

Lakini wafanyakazi si wa shambani tu. Kuna anayeketi kwenye cherehani kutwa, karani wa mzani, dereva, mlinzi wa usiku. Kwa hao kuna habari ya kale yenye mafunzo. Daktari Jerry Morris wa London aliwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa, akatoa habari yake mwaka 1953. Dereva na kondakta walikuwa katika basi moja, mji mmoja, saa zile zile. Dereva aliketi. Kondakta alipanda na kushuka ngazi, mamia ya vidato kwa siku. Madereva walishikwa na ugonjwa wa moyo kupita makondakta, na mara nyingi ulikuja na kifo cha ghafla. Daktari huyo mwenyewe alifuata mafunzo yake, akaishi miaka 99. Leo Shirika la Afya Duniani lawashauri watu wazima watembee kwa bidii, au wafanye zoezi jingine la namna hiyo, angalau dakika 150 kwa juma.

Na mchuma chai je? Uchunguzi kadhaa umeonyesha kwamba jasho la kazi nzito, la kuinama na kubeba mzigo saa nyingi bila kupumzika, haliufaidii mwili sawasawa na mwendo wa hiari. Nyapara akikuhimiza, mwili huchakaa. Ukitembea na mwenzio jioni mkizungumza, mikono mitupu, mgongo umenyooka, hiyo ni dawa. Kwa hiyo hatuombi watu waongezewe kazi ya miguu. Twadai wawe na mahali salama pa kutembea bila mzigo. Na hapo lile dai letu la zamani la saa za kazi linaingia tena, kwa maana njia nzuri haimfai mtu aliyebakiwa na saa za kulala tu. Hata Uingereza, wafanyakazi walipigania nusu ya Jumamosi na likizo yenye malipo pamoja na njia.

TULIYOYAFANYA SISI

Sheria ya Uingereza si sheria ya kwetu, na hatukutaka kumdanganya mtu. Wala hatukukata waya, ingawa vijana walitaka sana. Tuliwaambia wangoje kwanza tufanye kazi ya daftari.

Kwanza tulikwenda kwa wazee. Kila mmoja alisema mwaka alioanza kuipita njia ile, tukaandika, akatia saini au kidole gumba. Mzee mmoja aliyekuwa mkata matawi ya chai alikumbuka hata mti uliokuwa daraja la kwanza la kijito. Pili, mwalimu wa shule alituchorea ramani nyuma ya kalenda kuukuu. Tatu, watu wawili wa halmashauri waliketi kwenye njia panda ya barabara kuu asubuhi tatu mfululizo, wakahesabu watoto wapitao na magari yapitayo. Nne, tulikwenda kwa mwenyekiti wa baraza la kijiji, si kumtupia mzigo kama mwanzo, bali kumwomba aende pamoja nasi.

Na yule mama tulimwomba awe katika ujumbe. Alituuliza, "Sasa ni jambo la chama?" Tukamjibu ndiyo, mama, na utusamehe.

Meneja alizungumza habari ya wizi. Hatukukana wizi, tulisema mwizi hupita usiku, mtoto wa shule hupita mchana. Tukaahidi wafanyakazi wenyewe watafyeka majani na kutengeneza daraja, na lango lifungwe usiku. Alipoisoma hesabu ya watoto alinyamaza kitambo, kisha akaomba siku za kufikiri. Tulikwenda mara nne.

Leo njia imefunguliwa kutoka saa kumi na moja na nusu alfajiri mpaka saa moja jioni. Waya umeondolewa mpaka kijitoni. Daraja tulilijenga Jumapili mbili, wanaume kwa wanawake. Jioni mtawaona watu wakitembea tu, bila mzigo, na vijana wakikimbia mazoezi. Lakini kipande cha juu, kiendacho uwanja wa mpira, kingali kimefungwa.

Na kuna jambo la pili. Katika barua ya makubaliano kampuni iliandika kwamba watu watapita "kwa ruhusa ya kampuni". Wengi wetu tulifurahi tukataka kutia saini mara moja. Lakini tulikumbuka Derbyshire. Kilichotolewa kwa ruhusa chaweza kuondolewa kesho, meneja mwingine akija. Tuliomba neno hilo liondolewe, iandikwe kwamba njia imetumiwa na watu tangu zamani na itaendelea kutumiwa. Kampuni ilikataa. Tulitia saini ya kufungua lango, ili watoto watoke barabarani, lakini tuliandika chini kwa mkono wetu kwamba neno hilo hatulikubali. Shauri lingali liko mezani. Hatujashinda. Tumepata nusu ya njia, na neno moja la kugombania.

MASHAURI KWA MATAWI MENGINE

Ndugu wa matawi, twawashauri hivi:

1. Tembeeni njia zenu zote kabla hazijafungwa. Njia isiyopitwa huota majani, kisha husemwa haikuwapo.

2. Andikeni habari za wazee wangali hai. Kumbukumbu ya mzee ni ramani, na hatuna nakala yake.

3. Tazameni vitu vilivyoachwa: tuta la reli ya zamani, barabara ya trekta isiyotumika, ukingo wa mfereji. Pengine njia imekwisha tengenezwa, yangoja kufyekwa tu.

4. Njia iwe ya kila mtu: mama mwenye mtoto mgongoni, mzee, mlemavu. Daraja la gogo moja si daraja kwa wote.

5. Someni kila neno la makubaliano. Ulizeni kama mnapewa ruhusa au mnatambuliwa haki.

6. Akisimama mama mkutanoni kusema jambo msilolitazamia, msicheke.

Katika mkutano wetu uliopita yule mama alisimama tena. Mtoto wake sasa huenda shule kwa njia ile, polepole, na wenzake humngoja darajani. Watu wote wakanyamaza kumsikiliza. Akasema, "Mzee mwenyekiti, njia nimepata nusu, na hiyo nusu nyingine tutaidai. Lakini sasa na tuzungumze shilingi."

Tukafungua daftari upya, tukaanza na bei ya kilo.

Umoja ni nguvu.